Kipupwe cha 1955: Ngoma za Kariakoo na Mwanzo wa Umoja wa Wanawake

Juni 1955 John Hatch, mwanasiasa wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam kujionea hali ya Tanganyika. Chama cha TANU kilikuwa bado hakijatimiza mwaka tangu kizaliwe Julai 7, 1954, katika nyumba ya African Association mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Hatch aliwaona viongozi, akawaona na wanachama, kisha akauliza: mbona wote ni wanaume?

Wenyeji wake hawakuwa na jibu la kuridhisha. Walikuwa na katiba, walikuwa na Rais wa chama aliyetoka kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa New York mwezi Machi, lakini kitengo cha wanawake hawakuwa nacho. Ikabidi kitafutwe upesi. Hakikutafutwa mbali, kwani mitaa michache tu kutoka ofisi ile wanawake walikuwa wamejipanga zamani, wana viongozi wao, sare zao na mifuko yao ya michango.

Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam Juni 1926. Mwaka huo wa 1955 alijulikana Kariakoo kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alijua kusoma, alikuwa na sauti, na zaidi ya yote alijulikana na watu. Alipokubali kuongoza kitengo kipya, akiwa na Tatu binti Mzee bega kwa bega, hakuanza kwa kupita nyumba moja moja akimshawishi mama mmoja mmoja. Aliwaita viongozi wa vikundi vya ngoma. Ukimpata kiongozi wa kikundi, umewapata na wenzake wote.

Vikundi hivyo vinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana historia za chama huvipitia mbio mbio. Vilikuwa na majina ya kupendeza, mengine yakichukua mambo ya dunia ya wakati ule: Roho Mgeni, Good Luck, Submarine, British Empire. Baadhi vilicheza lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, ambayo akina mama husimama safu moja, kanga za doti moja mwilini, wakienda kwa mwendo wa taratibu huku mwimbaji akitupa beti na safu ikipokea. Kila kikundi kilishindana na chenzake kwa sare, kwa mashairi na kwa karamu. Lakini ngoma ilikuwa sura ya nje tu. Mwenzao akiozesha, walichanga. Akifiwa, walifika na vyungu, wakapika, wakakesha, wakaondoka matanga yakiisha. Asiyechanga alijulikana, na asiyefika kwenye msiba wa mwenzake aliulizwa.

Tena havikuwa vya kabila moja. Kariakoo ilianza kwa jina la kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, na tangu hapo ilipokea watu wa kila upande. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mdigo walipanga vyumba katika nyumba moja na kutumia ua mmoja. Kufikia sensa ya 1957 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 128,000. Mwanamke aliyehamia bila ndugu alipata ndugu katika kikundi, na kikundi kilimfundisha kuishi na watu wasio wa ukoo wake. Chama kilichotaka kuunganisha nchi yenye makabila zaidi ya mia moja kilikuta kazi hiyo imekwisha kuanzwa na wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Na majira yalisaidia. Idi Ndogo ilikuwa imepita mwezi Mei, Idi Kubwa ikaja mwisho wa Julai, Maulidi yakaangukia mwisho wa Oktoba. Masika yamekwisha, upepo wa kipupwe unavuma, ardhi ya uwanja wa Mnazi Mmoja imekauka. Hayo ndiyo majira ya harusi na ngoma, na mahali palipokusanyika wanawake mia kwa ajili ya harusi palifaa pia kwa habari za kadi za TANU. Kufikia Oktoba mwaka huo huo wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha TANU. Ni muda wa miezi minne.

Kadi hizo zilikuwa na kazi ambayo wanaume wengi hawakuweza kuifanya. Waraka wa Serikali Na. 5 wa 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na siasa. Karani wa ofisi au mwalimu wa shule ya serikali aliyeonekana na kadi alihatarisha ajira yake. Mkewe hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Akakata kadi yeye, akahudhuria mkutano Mnazi Mmoja au Jangwani, akarudi nyumbani na habari. Wapo waliokata na kadi za waume zao, wakazihifadhi wao wenyewe.

Wakati huo lilikuwapo pia baraza la wanawake, Tanganyika Council of Women, lililoanzishwa 1951 na Lady Twining, mke wa Gavana. Lilifundisha kushona, kupika na malezi, na mafunzo hayo yalikuwa na faida. Lakini mafunzo yalishuka kutoka juu. Kitengo cha TANU kilipanda kutoka uani.

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Mwaka uliofuata ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Uwanja ukapanuka. Ndani yake walikuwamo wanawake wa mikoa ambayo haikuwa na lelemama, kama Lucy Lameck wa Moshi, aliyesoma Chuo cha Ruskin, Oxford. Umoja ukasimama imara kuitetea Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoweka ndoa za dini zote na za kimila chini ya sheria moja. CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977, ikarithi nafasi ya TANU, UWT ikawa jumuiya yake.

Bibi Titi mwenyewe hakuwa tena madarakani. Alishindwa ubunge 1965, akajiuzulu uongozi 1967 baada ya Azimio la Arusha kuwakataza viongozi kupangisha nyumba. Akakamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini 1971, akaachiwa kwa msamaha 1972. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa sauti ndogo. Alifariki Novemba 5, 2000, huko Johannesburg. Barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina lake, na ni haki yake.

Mwaka ule ule wa 1972 Bibi Titi alipotoka gerezani, Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, walianza umoja wao. Hao hawakutoka kwenye ngoma, walitoka parokiani. Walakini namna yao ya kufanya kazi isingewashangaza akina mama wa Bomba: kitenge cha sare, mchango wenye daftari, zamu ya kuwatembelea wagonjwa, sufuria kubwa msibani. Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alipoadhimisha Misa Jangwani, kwenye bonde lile lile la mikutano ya TANU, kundi la waumini lilikuwa na wanawake hao. Mwaka 2022 WAWATA iliadhimisha miaka 50 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Nacho kitengo cha TANU kilichoanza kwa swali la Hatch kilitimiza miaka 70 mwaka 2025. Vikundi vya ngoma vilivyokibeba mabegani havina jengo, wala kibao cha kumbukumbu pale Lumumba. Kibao hicho kiwekwe, na majina yaandikwe: Bomba, Roho Mgeni, Good Luck, Submarine.