Habari za Niasini, Dawa Iliyosifiwa kwa Hesabu za Damu

Sungura si mla mayai, na kila amfugaye aijua tabia yake ya majani na mizizi. Lakini katika mji wa Saskatoon, jimboni Saskatchewan nchini Kanada, mnamo miaka ya mwanzo ya 1950, walikuwako sungura waliopikiwa keki zilizojaa viini vya mayai, nao, kwa mujibu wa masimulizi ya tabibu Abram Hoffer, walizila kwa uchu mkubwa. Mwenye sungura hao alikuwa Rudolf Altschul, profesa wa elimu ya maumbile ya mwili katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mzaliwa wa Prague aliyeihama Ulaya kwa kuwakimbia Wanazi, na mpishi wa keki alikuwa mkewe. Altschul alitaka kuona jinsi mafuta ya chakula yanavyoipandisha kolesteroli katika damu, kisha ikajishika katika kuta za mishipa hata mishipa ikawa migumu na njia yake ikawa nyembamba, hali ambayo ndiyo asili ya maradhi mengi ya moyo kwa wanadamu. Na sungura, ambaye mwili wake haukuzoea vyakula vya namna hiyo, hupatwa nayo upesi.

Hoffer alikuwa tabibu wa maradhi ya akili katika jimbo lilo hilo, na wakati huo alikuwa akiwapa wagonjwa wake wa skizofrenia niasini, ambayo ni vitamini, kwa gramu, ilhali mtu mzima mwenye siha yake hahitaji zaidi ya miligramu 16 hivi kwa siku. Matumaini yake juu ya maradhi ya akili hayakupata nguvu mikononi mwa watafiti wengine waliokuja nyuma yake, na hayo tuyaache. Lakini yeye mwenyewe naye alikuwa akiimeza niasini, na ufizi wake uliokuwa ukitoka damu ukapona, jambo lililomtia dhana kwamba vitamini hii huenda ikaziponya hata kuta za mishipa zilizojeruhiwa. Dhana hiyo haikuwa sahihi, ila ilimfanya ampelekee Altschul fungu la niasini. Altschul akawapa sungura wake, akawapima damu, akaona kolesteroli imeshuka. Haukupita muda mrefu wakamwingiza shaurini mtaalamu wa tatu, Stephen, wa hospitali ya mji wa Regina, ambaye aliwapa wagonjwa wa hospitali hiyo niasini na kuwapima damu kabla na baada yake. Na matokeo yakawa yale yale, tena aliyekuwa na kolesteroli nyingi zaidi ndiye aliyeshushwa zaidi. Makala yao fupi ilichapishwa mwaka wa 1955.

Niasini yenyewe haikuwa ngeni. Tangu mwaka wa 1867 mwanakemia Carl Huber aliipata kwa kuitia nikotini ya tumbaku katika asidi kali, na kwa miaka 70 ikakaa katika chupa za maabara pasipo mtu kujua kuwa ni sehemu ya chakula chetu. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Casimir Funk aliitoa katika pumba za mchele alipokuwa akitafuta dawa ya beriberi, akaona haiponyi beriberi, akaiweka kando. Na wakati huo huo majimbo ya kusini ya Marekani yalikuwa yameshikwa na pelagra, ndwele inayombabua mtu ngozi pale jua linapompiga, ikamharisha, ikamvuruga akili, na mwisho ikamwua. Na matabibu wengi walishikilia kwamba ni ya kuambukiza.

Joseph Goldberger, tabibu wa serikali aliyetumwa huko mwaka wa 1914, aliona katika nyumba za mayatima na hospitali za wendawazimu kwamba wauguzi na walinzi hawaugui, akatambua kuwa tofauti iko mezani: mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe kwa wagonjwa, nyama na maziwa kwa watumishi. Mwaka wa 1916, ili kuwanyamazisha wabishi, yeye na wenziwe walijidunga damu ya wagonjwa, wakameza magamba ya ngozi zao na hata vinyesi vyao, wala wasipatwe na kitu. Goldberger alifariki mwaka wa 1929 bila ya kukijua kile kilichokosekana katika chakula. Kilijulikana mwaka wa 1937, Conrad Elvehjem na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipowaponya mbwa waliokuwa na ndimi nyeusi, ugonjwa ulio ndugu wa pelagra, kwa asidi ya nikotini, ndiyo niasini, waliyoitoa katika ini. Na asidhani msomaji kuwa pelagra ni hadithi ya kale: mwaka wa 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga kukosekana katika posho yao na kubaki mahindi, waliiugua kwa idadi iliyozidi 17,000.

Hivyo niasini iliyofika mikononi mwa Altschul ilikuwa na sifa kamili ya vitamini, ambayo kidogo chake huokoa. Na walichokigundua watu wa Saskatchewan ni kwamba kingi chake ni dawa nyingine kabisa. Wala si kila namna yake ifaayo kwa kazi hiyo, kwani nikotinamidi, iliyo jamaa yake wa karibu, huponya pelagra vile vile lakini haiigusi kolesteroli. Mwaka wa 1956 William Parsons na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliirudia kazi hiyo wakaithibitisha, na tangu hapo niasini ikaingia katika mkoba wa tabibu wa moyo, katika zama ambazo mkoba huo ulikuwa karibu mtupu.

Kila aliyeimeza kwa dozi kubwa aliijua kwa alama moja. Nusu saa hivi baada ya kidonge kushuka, uso huanza kupata moto, wekundu ukapanda masikioni, ukateremka shingoni na kifuani, ngozi ikawasha na kuchonyota, na mgonjwa akawa kama mtu aliyeuinamia mdomo wa tanuri, mpaka saa moja au zaidi ipite ndipo atulie. Kwa mtu mweusi wekundu huenda usionekane, lakini moto na mwasho ni ule ule. Sababu yake ni kwamba niasini huziamsha chembe za ngozi zikatoa prostaglandini, ambayo huipanua mishipa midogo. Na aspirini ikimezwa mapema huipunguza adha hiyo, kama unavyopunguza mwili wenyewe kwa kuizoea dawa siku baada ya siku. Adha hiyo haiui, bali iliwafukuza wagonjwa wengi, na ndiyo iliyoamua sehemu kubwa ya mambo yaliyofuata, kwa kuwa wenye viwanda walitumia miaka mingi na mali nyingi kutafuta niasini isiyowaka.

Jaribio kubwa la kwanza lilianza Marekani mwaka wa 1966, likaitwa Coronary Drug Project, nalo lilikusanya wanaume 8,341 waliokwisha kupata shambulio la moyo, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa dawa hii, wengine ile, na wengine kidonge kisicho na dawa. Homoni za kike zilikuwamo katika dawa zilizojaribiwa, zikasimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa zilidhuru. Niasini, gramu tatu kwa siku, walipewa watu 1,119. Na hesabu zilipofungwa mwaka wa 1975 ikaonekana kwamba mashambulio mapya ya moyo yasiyoua yamepungua kwa zaidi ya robo, lakini idadi ya waliokufa haikuwa mbali na ya wale waliomeza kidonge kitupu. Wenye jaribio walisema kwa adabu kwamba niasini yaweza kuwa na faida kidogo, na kwamba tabibu aitumie kwa hadhari. Kisha mwaka wa 1986 watafiti walirudi kuwahesabu watu wale wale, miaka 15 tangu waingie katika jaribio, wakakuta vifo vya waliopewa niasini ni pungufu kwa asilimia 11, ijapokuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kuiacha dawa zamani. Habari hiyo iliipa niasini uhai wa pili. Nami naona ilisomwa kwa shauku iliyozidi ushahidi wake, kwa sababu aliyeacha dawa huku nyuma amepitia mambo mengi ambayo hesabu haiwezi kuyaona.

Mwaka uliofuata, 1987, mwandishi wa Kimarekani Robert Kowalski alitoa kitabu kilichowaahidi watu kuishusha kolesteroli kwa majuma manane, kwa pumba za shayiri na niasini, kikauzwa kwa wingi ajabu. Kwa kuwa niasini ni vitamini, haikuhitaji cheti cha tabibu. Watu walijinunulia madukani na kumeza gramu kwa gramu. Wengi walichagua vidonge vinavyoyeyuka polepole, kwa kuwa haviwaki sana, wala hawakujua kwamba ulaini huo hulipwa na ini. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 1994, watu 12 kati ya 23 waliopewa namna hiyo waliumia ini, ilhali katika kundi lililopewa niasini ya kawaida hakuumia hata mmoja. Zilitokea pia chupa za niasini isemwayo haiwaki kabisa, na kwa kweli haiwaki, lakini kolesteroli nayo haishuki kwa kiasi cha kutajika. Juu ya ini, dozi kubwa huweza kupandisha sukari ya damu na kuamsha jongo kwa wenye asili yake.

Mwaka huo huo wa 1987 ndipo statini ya kwanza, dawa mpya ya kuishusha kolesteroli, iliporuhusiwa kuuzwa Marekani. Mjapani Akira Endo ndiye aliyekuwa amefungua njia hiyo katika miaka ya 1970 kwa kuchunguza ukungu, na majaribio ya miaka ya 1990 yakaonyesha waziwazi kwamba statini haziishushi kolesteroli tu, bali hupunguza vifo. Niasini ingalistaafu hapo kwa heshima. Iliyoibakiza kazini ni HDL, ile kolesteroli iitwayo nzuri, kwani watu wenye HDL nyingi walionekana kuugua moyo mara chache, na hapakuwa na dawa iliyoipandisha kuliko niasini. Hoja ikajengwa kwa wepesi: statini iishushe mbaya, niasini iipandishe nzuri, na mgonjwa apate faida mbili. Mwaka wa 1997 kampuni ya Kos ilipata ruhusa ya kuuza Niaspan, kidonge cha niasini cha mara moja kwa siku, na mwaka wa 2006 Abbott iliinunua kampuni hiyo kwa dola zipatazo bilioni 3.7. Fedha hizo zote zilitangulia kabla ya mtu kuonyesha kwamba kuongeza niasini juu ya statini humwongezea mgonjwa maisha.

Swali hilo liliulizwa hatimaye na jaribio la AIM-HIGH, lililogharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Marekani na kuwakusanya wagonjwa 3,414 wa moyo, wote wakiwa katika statini. Kwa kuwa niasini hujitangaza yenyewe usoni, hata kidonge cha kulinganishia kilitiwa miligramu 50 za niasini, ili nacho kiwake kidogo na mgonjwa asijue yuko kundi gani. Karatasi za maabara zilipendeza: HDL ilipanda kutoka 35 hadi 42, na mafuta mengine yakashuka. Lakini waliopatwa na mashambulio ya moyo, kiharusi na mengineyo walikuwa asilimia 16.4 katika kundi la niasini, na 16.2 katika kundi la pili. Mwezi Mei 2011 jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Wako waliosema kwamba watu 3,414 ni wachache. Jawabu lao lilitoka Oxford, katika jaribio la HPS2-THRIVE, lililofanywa Uingereza, nchi za Skandinavia na China. Zaidi ya watu 42,000 waliingia katika maandalizi, na waliobaki na kuingizwa rasmi, baada ya wengine kushindwa na dawa au kuondolewa, walikuwa 25,673. Walipewa niasini ya kampuni ya Merck iliyochanganywa na laropiprant, dawa ya kuzuia mwako. Baada ya miaka takriban minne, waliopata maafa ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 13.2 kwa waliopewa niasini na 13.7 kwa wasiopewa, tofauti ambayo hata bahati yaweza kuileta. Na kinyume chake yaliongezeka maradhi ya kisukari, matatizo ya tumbo, kutoka damu na maambukizi. Merck iliiondoa dawa yake sokoni mwezi Januari 2013, hata kabla matokeo kamili hayajachapishwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2016 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ikafuta idhini ya kuitumia niasini pamoja na statini.

Uchunguzi haukuishia hapo. Mwezi Februari 2024 kundi la Stanley Hazen, wa Cleveland Clinic, lilitangaza kwamba mabaki mawili ya niasini iliyozidi mwilini, yaitwayo 2PY na 4PY, huonekana kwa wingi zaidi katika damu ya wanaopatwa na maafa ya moyo, na kwamba 4PY huchochea uvimbe katika mishipa. Uhusiano si hukumu, na kazi hiyo yangoja wengine waikamilishe. Walakini inatoa fununu ya sababu iliyoifanya dawa inayosafisha hesabu za damu namna ile ishindwe kumlinda mwenye damu.

Leo niasini hubaki na wagonjwa wachache wa namna maalumu, na nafasi yake katika kutibu pelagra haijatikisika. Aliyeandikiwa na tabibu asiiache wala kuiongeza bila ya shauri lake. Na aliyejinunulia mwenyewe kwa gramu, kwa kuwa chupa imeandikwa vitamini, aende akapimwe ini na sukari, na amwambie tabibu bila ya kumficha ni vidonge vingapi anavyomeza kwa siku, na ni vya namna gani.