Ukingaji wa mbao za nje kwa vitu vya asili (Kigoma na Ujiji)

Ukingaji wa mbao za nje ni kazi ya kuzuia jua, mvua, ukungu na mchwa visiharibu milango, madirisha, nguzo, fishabodi na vyombo vya majini. Katika mwambao wa Kigoma masika yakiisha huja miezi ya jua kavu, na mbao inayolowa na kukauka hivyo kila mwaka hupasuka. Maji huingilia kwenye ufa, na kuoza hufuata.

Kinga ya bei rahisi iliyozoeleka nchini ni oili chafu ya magari. Mchwa huikimbia kweli, lakini ina mabaki ya metali na kemikali zinazosababisha saratani. Ikipakwa kwenye mtumbwi huvujia ziwani, na ziwa hilo ndilo linalonywewa. Maji ya Ziwa Tanganyika hubadilika polepole mno, kwa hiyo uchafu unaoingia humo hauondoki upesi.

Anayetafuta mbadala wake huko Ujiji hufikiria mawese kwanza, kwa kuwa yapo tele. Kwa mlango wa nje hayafai. Mafuta ya kukinga mbao yanatakiwa yashike oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, na uwezo huo hukadiriwa kwa gramu za iodini zinazonyonywa na gramu 100 za mafuta. Mafuta ya kitani kwa kawaida huzidi 170, alizeti ya kawaida huwa kati ya 110 na 145, mawese ni kama 50, na mafuta ya mise (kokwa za chikichi) hayafiki 25. Mawese basi hubaki yakinata, hushika vumbi, huotesha ukungu, kisha huoshwa na mvua. Kwa mpini wa jembe unaokaa ndani hayana ubaya.

Grisi isiyokauka ina sifa zake, na Kigoma inazijua: Wajerumani walipoizamisha meli ya Graf von Goetzen mwaka 1916 waliipaka mitambo yake grisi nzito, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo hiyo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Ila ile ilikuwa chuma, tena chini ya maji, mbali na jua.

Wa pwani wana ujuzi wao: sifa, yaani mafuta ya papa, kwa mbao za jahazi, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kwa sehemu iliyo chini ya maji. Deheni ilihitajika kwa sababu ya viumbe wa maji ya chumvi wanaotoboa mbao. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi na adui huyo hayumo, hivyo kuiiga ni kujisumbua. Mafuta ya maganda ya korosho nayo ni ya asili, lakini hubabua ngozi. Mwarobaini hufukuza wadudu kwa muda mfupi tu, maana jua huvunja nguvu yake.

Kilichobaki ni mafuta ya kitani, ambayo hukauka kuliko alizeti, ila huagizwa kutoka nje na bei yake si ndogo. Yanayouzwa kama “yaliyochemshwa” mara nyingi yametiwa chumvi za metali ili yakauke haraka. Asiyetaka sumu achukue mabichi na avumilie siku kadhaa za kungoja. Hupakwa mkono mwembamba, kinachozidi kikafutwa. Matambara ya kufutia yasilundikwe, kwa kuwa huweza kuwaka yenyewe, yatandazwe nje. Nta ya nyuki ikiyeyushwa ndani ya mafuta husaidia maji kuteleza, ingawa hulainika juani.

Kitani hakiui mchwa. Kazi hiyo inafanywa na mti wenyewe: kiini cha mninga au mvule huwashinda wadudu wengi, wakati sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda huliwa haraka, hata ikiuzwa kwa jina la mninga. Nguzo ikae juu ya jiwe au zege, isiguse udongo, na paa litokeze vya kutosha. Ncha zilizokatwa hunywa maji kuliko ubavu wa mbao. Hizo hupakwa mafuta tena na tena mpaka zikatae.