Upepo wa Turkana ulisubiri waya

Watu wengi wakisikia umeme wa upepo Kenya wanawaza Turkana. Lakini hadithi inaanzia Ngong, mwaka 1993, kwa mitambo miwili midogo iliyotolewa msaada na Ubelgiji. Ilipofika 2009 KenGen wakasimamisha mingine sita pale pale, kila mmoja kilowati 850. Jumla megawati 5.1. Kwa nchi nzima, hiyo ni kama kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya harusi.

Sasa kwa nini wawekezaji wakaruka Nairobi na soko lake lote, wakaenda Loiyangalani, kusikokuwa hata na barabara ya maana? Jibu liko kwenye hesabu. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane, si mara mbili. Na karibu na Ziwa Turkana upepo unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, kama maji unapoziba mdomo wa mpira kwa kidole. Unatoka kwa kasi, na hauchoki.

Hivyo ikapandwa mitambo 365, aina ileile ya kilowati 850. Zidisha mwenyewe: megawati 310. Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa 2012, ikihofia Kenya italazimika kulipia umeme isiouhitaji. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, kama tutakavyoona.

Mitambo ilikamilika 2017. Waya je? Laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikuwa kazi ya serikali, na kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi ikafilisika katikati. Kampuni za Kichina zikaja kumalizia, Septemba 2018. Muda wote huo mapanga yamesimama kwenye upepo mkali, na mkataba unasema ucheleweshaji unalipiwa. Mabilioni ya shilingi, bwana, kwa stima ambayo hakuna aliyewasha nayo hata balbu.

Tatizo la waya angalau linatatuliwa kwa pesa. Ardhi ni kitu kingine. Kule Kinangop mradi wa megawati 60 ulikufa kabla ya mtambo hata mmoja kuzunguka, kwa sababu wakulima waliandamana kupinga, na ukafutwa 2016. Wahandisi hupenda kusema wananchi "hawakuelimishwa". Mimi naona walielewa vizuri tu: shamba dogo la viazi halina pa kurudi nyuma.

Kipeto, Kajiado, walienda njia nyingine. Wenye ardhi hulipwa kwa mitambo iliyo kwenye mashamba yao, na jamii nayo ina fungu lake katika mradi. Megawati 100, zikaanza kuuzwa 2021.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, mahakama ya Meru ilitoa uamuzi kuhusu ardhi ya mradi wa Turkana, katika kesi iliyofunguliwa na wenyeji 2014. Ikasema hati zilipatikana kinyume cha sheria, bila jamii kushirikishwa ipasavyo, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mitambo haikuzimwa.