Historia ya Kumzindua Aliyezama

Hadi katikati ya karne ya 18, mtu aliyeopolewa majini bila pumzi katika miji mingi ya Ulaya alihesabiwa maiti. Wachache waliojaribu kumrudisha walikuwa na shabaha moja kubwa, nayo ni kuyatoa maji. Walimviringisha juu ya pipa, au wakamning'iniza kichwa chini miguu juu, au wakamlaza kifudifudi mgongoni mwa farasi na kumkimbiza farasi ufukweni ili mtikisiko uyamwage maji. Hoja yao ilikuwa rahisi: maji ndiyo yaliyomwua, basi yakitoka atazinduka. Hoja hiyo si sahihi, lakini imeishi kuliko mbinu zote zilizokuja baadaye, na swali linalotokana nayo ndilo linaloulizwa kwanza hadi leo kando ya bahari na maziwa: je, aliyezama atolewe maji kwanza?

Asitolewe. Maji yanayoingia mapafuni kwa kawaida ni machache kuliko watu wanavyodhani, na sehemu yake hufyonzwa upesi na damu. Yale yanayomwagika mtu anapobinuliwa hutoka tumboni, tena yakipanda na matapishi huweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumzidishia madhara. Kinachomwua aliyezama ni kukosa oksijeni. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita hivi, na kila dakika inayopotea katika kumbinua mtu hukatwa humo humo. Kulifikia jibu hili kulichukua miaka zaidi ya 200, ilhali dawa yenyewe, yaani pumzi ya mtu mwingine, ilikuwa mikononi mwa watu tangu mwanzo.

Wakunga waliijua. Kwa vizazi vingi walikuwa wakipuliza pumzi kinywani mwa kichanga kilichozaliwa kimya. Mnamo Desemba 1732, huko Alloa nchini Uskochi, mchimbaji wa makaa ya mawe aliyeitwa James Blair alitolewa mgodini baada ya moto, hapumui wala mapigo ya moyo hayasikiki. Daktari wa upasuaji William Tossach alimbana pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa yule mtu na kupuliza kwa nguvu zake zote hadi kifua kikainuka. Mara moyo ukaanza kupiga. Baada ya saa moja mchimbaji alikuwa amezinduka, baada ya saa nne alitembea kwenda nyumbani, na siku chache baadaye alirudi kazini. Tossach alichapisha habari hiyo mwaka 1744. Miaka minne kabla yake, Chuo cha Sayansi cha Paris kilikuwa kimeshapendekeza upulizaji wa mdomo kwa mdomo kwa watu waliozama.

Hatua ya kuigeuza elimu hiyo kuwa kazi ya raia ilichukuliwa Amsterdam, mji uliokatwakatwa na mifereji, ambamo ulevi au utelezi wa usiku mmoja ulitosha kumtumbukiza mtu. Mwaka 1767 ilianzishwa huko jumuiya ya kuokoa waliozama. Ilichapisha maelekezo kwa watu wa kawaida, ikatoa zawadi kwa waokoaji na kukusanya taarifa za kila tukio. Maelekezo yalisema mgonjwa apashwe moto, apuliziwe hewa kwa mdomo au kwa mvukuto, asiviringishwe juu ya pipa. Mpaka hapo, mtaalamu wa leo hana kubwa la kupinga. Ila kulikuwa na agizo jingine: afukizwe moshi wa tumbaku kupitia njia ya haja kubwa.

Agizo hilo lilitekelezwa kwa dhati. Tumbaku ilichukuliwa kuwa kichangamsho, na moshi wake ulidhaniwa kuupasha mwili joto kutoka ndani. Palitengenezwa vifaa maalumu: mvukuto, mrija na chungu kidogo cha kuchomea majani, vyote vikipangwa ndani ya sanduku. Aliyekosa sanduku alitumia kiko. London nayo ilifuata nyayo. Mwaka 1774 madaktari William Hawes na Thomas Cogan walikusanya marafiki zao katika mkahawa mmoja na kuunda jumuiya iliyokuja kuitwa Royal Humane Society. Hawes alikuwa ameanza hata kabla ya hapo, akiwalipa kwa fedha zake mwenyewe watu waliomletea walioopolewa Mto Thames muda mfupi baada ya kuzama. Masanduku ya moshi yaliwekwa kando ya mto huo tayari kwa dharura, kama vile masanduku ya vifaa vya kushtua moyo yanavyotundikwa leo kwenye viwanja vya ndege.

Kucheka ni rahisi, lakini suala la kujiuliza ni kwa nini watu wenye akili timamu, waliotunza kumbukumbu za kila tukio, waliuamini moshi kwa zaidi ya miaka 40. Sababu imo katika kumbukumbu zenyewe. Wengi wa walioopolewa mapema walikuwa na moyo ambao bado unapiga, na wapo miongoni mwao ambao pumzi ingewarudia wenyewe. Mtu wa namna hiyo akisuguliwa, akitikiswa au akifukizwa, atazinduka, na sifa itakwenda kwa mbinu ya mwisho iliyotumika. Aliyenusurika alialikwa kwenye karamu ya jumuiya na habari zake zikaandikwa. Aliyekufa hakuwa na ushahidi wa kutoa, na kifo chake kilielezwa kwamba msaada ulichelewa. Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna tiba inayoweza kushindwa, na kasoro hiyo ndiyo iliyowapoteza waokoaji karne nzima iliyofuata. Moshi wenyewe ulianguka baada ya Benjamin Brodie, daktari wa upasuaji wa London, kuonyesha mwaka 1811 kwa majaribio ya wanyama kwamba tumbaku inaweza kuusimamisha moyo.

Pamoja na moshi, pumzi nayo ilitupwa. Oksijeni ilipogunduliwa katika miaka ya 1770, wataalamu walianza kuiona hewa inayotoka kinywani mwa mtu kuwa taka: imeshatumika, itamfaa nini mwingine? Juu ya hapo palikuwa na kinyaa, na hisia kwamba kuweka mdomo juu ya mdomo wa mtu asiyejulikana ni jambo la kikunga, lisilomstahili daktari. Mvukuto ukashika nafasi yake. Katika miaka ya 1820, Jean Leroy d'Etiolles wa Ufaransa alionyesha kuwa mvukuto unaosukumwa kwa nguvu unaweza kuyapasua mapafu na kuua, nao ukaachwa. Hivyo ikawa kila njia ya kuingiza hewa moja kwa moja imefungwa.

Zikafuata mbinu za mikono. Mwaka 1856 Marshall Hall alifundisha kumgeuza mgonjwa kutoka kifudifudi hadi ubavu, tena na tena. Miaka miwili baadaye Henry Silvester alimlaza chali, akaivuta mikono yake juu ya kichwa kisha akaikandamiza kifuani. Edward Schafer, mwanafiziolojia wa Edinburgh, alipendekeza mwaka 1903 mgonjwa alale kifudifudi na mwokoaji ambonyeze mgongo wa chini. Mwaka 1932 ofisa wa jeshi wa Denmark, Holger Nielsen, aliunganisha kubonyeza mgongo na kuinua viwiko. Kila mbinu ilikuwa na wafuasi wake na kila moja ilidai kuishinda iliyotangulia.

Mbinu hizo zilisafiri mbali kwa sababu zilifika pamoja na vyama. St John Ambulance Association, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1877, ilifundisha huduma ya kwanza kwa polisi, wafanyakazi wa reli na wachimba migodi, ikatoa vyeti na vijitabu, na ikaenda kila palipokuwa na bendera ya Uingereza. Ilianza kazi nchini Kenya mwaka 1928, wakati ambapo mbinu ya Schafer ndiyo iliyotawala mafunzo ya Waingereza.

Hitilafu ya mbinu hizo za mikono ilikuja kugunduliwa katika wodi za wagonjwa wa polio. James Elam, daktari wa Marekani, alilazimika mara kwa mara katika miaka ya 1940 kupuliza pumzi yake mwenyewe kwenye mirija ya wagonjwa ambao misuli yao ya kupumulia ilikuwa imepooza, akaona rangi yao ikirudi. Mwaka 1954 alithibitisha kwa vipimo kwamba pumzi ya mwokoaji inatosha. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ile inayotoka kinywani bado ina 16 au 17. Ile "taka" ya karne ya 18 ilikuwa chakula kizuri tu.

Peter Safar, daktari wa nusukaputi aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Baltimore, aliliendeleza jambo hilo kwa majaribio ambayo leo yasingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili. Madaktari na wanafunzi wa udaktari walijitolea kulazwa usingizi na kudungwa dawa ya kupooza misuli, hivi kwamba wasingeweza kupumua hata kidogo. Kisha watu wa kawaida waliitwa kuwapumulia, wengine kwa mbinu za mikono, wengine kwa mdomo, huku vipimo vikisoma hewa inayoingia. Ikaonekana kwamba kwa mtu aliyezimia, mgongo ubonyezwe au mikono ivutwe namna yoyote, hewa haipiti vya kutosha, kwa kuwa ulimi na tishu za koo huangukia nyuma na kuziba njia. Kichwa kikiinamishwa nyuma na kidevu kuinuliwa, njia hufunguka, na pumzi ya mtu asiye na ujuzi wowote inaingia. Kufikia mwaka 1958 matokeo yalikuwa yamechapishwa, na mbinu za karne nzima zikaanza kuondolewa vitabuni.

Bado moyo ulikuwa haujapatiwa jibu. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore pia, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven na mwenzake mdogo Guy Knickerbocker walikuwa wakichunguza namna ya kuushtua moyo wa mbwa kwa umeme. Mwaka 1958 Knickerbocker aligundua kwamba kule kukandamiza tu vibao vya umeme kifuani, kabla umeme haujawashwa, kulipandisha msukumo wa damu. Daktari wa upasuaji James Jude aliihamishia mbinu hiyo kwa binadamu, na Julai 1960 watatu hao walichapisha taarifa ya wagonjwa 20, ambao 14 kati yao walipona. Haikuwa mara ya kwanza. Friedrich Maass wa Göttingen, Ujerumani, alikuwa ameubonyeza moyo kupitia kifua na kuokoa watu tangu mwaka 1891, lakini hakuna aliyelitilia maanani. Septemba 1960, katika mkutano wa madaktari wa Maryland, pumzi na kubonyeza kifua viliunganishwa kuwa huduma moja.

Kilichobaki kilikuwa namna ya kufundisha, maana mtu mzima hawezi kubonyezwa kifua kwa majaribio bila kuumizwa. Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vinyago vya watoto huko Stavanger, Norwei, ambaye mwanawe mdogo aliwahi kuponea chupuchupu kufa maji, alitengeneza sanamu ya mwili mzima. Uso wake aliuchukua kutoka barakoa maarufu ya msichana ambaye, kwa masimulizi ya Paris, aliopolewa Mto Seine akiwa amekufa. Sanamu hiyo ndiyo imefundisha mamilioni ya watu kuzindua wengine.

Nchi za Afrika Mashariki zilianza kuunda vyama vyao baada tu ya mageuzi hayo. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanganyika kiliundwa kwa sheria mwaka 1962 na kile cha Kenya mwaka 1965, kwa hiyo vilikuta pumzi imeshapewa tena nafasi yake. Pamoja na hayo, kando ya Ziwa Victoria na pwani bado mtoto aliyezama huonekana akishikwa miguu na kuzungushwa ili atapike maji. Wanaofanya hivyo hawakosi akili. Wapo waliomwona mtoto akizinduka baada ya kufanyiwa hivyo, sawasawa na wakazi wa London walivyoona kwa moshi wa tumbaku.

Tena kosa hilo si la wavuvi peke yao. Henry Heimlich, daktari wa Marekani aliyejulikana tangu mwaka 1974 kwa mbinu ya kumminya tumbo aliyekabwa na chakula, alipigania kwa miaka mingi itumiwe pia kwa waliozama, kwa hoja ile ile kwamba maji lazima yatoke kwanza. Kamati ya wataalamu iliyochunguza suala hilo Marekani mwaka 1994 ilikataa: huchelewesha pumzi na huleta matapishi.

Swali jingine limeongezeka tangu mwaka 2008, pale Wamarekani walipoanza kuwahimiza wapita njia kubonyeza kifua tu, bila kupuliza, mtu anapoanguka ghafla: je, kwa aliyezama pia inatosha? Haitoshi. Anayeanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo bado ana oksijeni katika damu yake, aliyezama ameimaliza. Kwa hiyo mwongozo wa Ulaya unataka aanze kupewa pumzi tano, kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuma na pua imebanwa, huku mwingine akiita msaada. Asipoonyesha dalili ya uhai, kifua cha mtu mzima kibonyezwe katikati kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 30 kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kukoma hadi msaada ufike. Maji yakitoka yenyewe mdomoni, ageuzwe ubavu, afutwe, kazi iendelee. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali hata akisema hajambo, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumgeukia saa kadhaa baadaye.