Mbari: Sanaa ya majaribio Ibadan na Osogbo, na mwangwi wake Nairobi

MWAKA wa 1961, jengo lililokuwa mkahawa wa Mlebanoni karibu na soko la Dugbe mjini Ibadan, Nigeria, liligeuzwa kuwa makao ya wasanii. Humo mlikuwa na ukumbi wa kuonyeshea picha, jukwaa la maigizo, maktaba na afisi ya kuchapisha vitabu.

Waliokutana humo walikuwa waandishi, wachoraji na waigizaji, wengi wao wakiwa hawajatimiza umri wa miaka 35. Miongoni mwao walikuwa Wole Soyinka, Chinua Achebe, Christopher Okigbo, J.P. Clark, Demas Nwoko na Uche Okeke. Jumuiya yao waliiita Mbari.

Mbari ya Ibadan ilivuma kwa miaka michache tu. Hata hivyo, katika kipindi hicho kifupi ilizaa vitabu, tamthilia na michoro ambayo ingali inajadiliwa vyuoni hadi leo, na mwangwi wake ukafika Kampala na Nairobi.

Aidha, iliibua maswali ambayo kila jumuiya ya wasanii hukumbana nayo: msanii ajaribu mambo mapya kwa lugha ipi, mbele ya hadhira gani, na kwa fedha za nani?

Asili ya jina

Achebe ndiye aliyependekeza jina hilo. Msomaji wa Kenya asilichanganye na neno la Kikikuyu lenye maana ya ukoo. Mbari inayozungumziwa hapa ni ya Waigbo wa eneo la Owerri, kusini mashariki mwa Nigeria.

Huko, jamii ilipoona kwamba Ala, mungu wa kike wa ardhi, anadai heshima, iliwateua baadhi ya watu wake wakajitenga kwa muda mrefu. Kazi yao ilikuwa kujenga nyumba ya udongo na kuijaza sanamu za Ala mwenyewe, za wanyama, za wanakijiji wa kawaida, na hata za maafisa wa kikoloni.

Nyumba ilipokamilika, watu walikusanyika kuitazama kwa shangwe. Baada ya hapo iliachwa inyeshewe hadi iporomoke. Haikukarabatiwa. Kizazi kilichofuata, kikiihitaji, kilijenga yake upya.

Kwa mujibu wa mila hiyo, thamani ya sanaa imo katika tendo la kuunda wala si katika kuhifadhi kilichoundwa. Jina hilo basi liliwafaa vijana waliotaka kujaribu bila kuhofia kukosea.

Ibadan: picha, vitabu na jukwaa

Mhimili mmojawapo wa jumuiya hiyo alikuwa Ulli Beier, Mjerumani aliyewasili Nigeria mwaka wa 1950 kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ibadan. Mwaka wa 1957, yeye na Mjerumani mwenzake, Janheinz Jahn, walianzisha jarida la Black Orpheus, lililochapisha fasihi ya Waafrika na ya watu weusi wa Amerika na visiwa vya Karibi. Rais wa kwanza wa Mbari alikuwa Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi uhamishoni.

Nwoko na Okeke walifika Mbari wakitoka katika chuo cha sanaa cha Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Wakiwa wanafunzi huko, wao na wenzao walikuwa wameunda chama cha kupinga mafunzo yaliyowataka waige mitindo ya Ulaya. Hawakuikataa mbinu ya kigeni. Walichotaka ni kuichanganya na mila zao kwa hiari yao wenyewe.

Okeke, kwa mfano, alichota mistari yake kutoka kwa uli, michoro ambayo wanawake wa Kiigbo walizoea kuichora mwilini na kutani. Kalamu ilikuwa ya kisasa, lakini mkono uliokuwa ukiongoza mstari ulijua ulikotoka.

Kuta za Mbari hazikuwa za Wanigeria pekee. Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyekuwa akiyavunja na kuyaunda upya maandishi ya Kiarabu ndani ya picha zake, alionyesha kazi huko. Vivyo hivyo Malangatana wa Msumbiji, nchi yake ikiwa bado chini ya Wareno.

Upande wa uchapishaji ulikuwa na uzito wa kipekee. Mbari ilitoa tamthilia ya Clark, Song of a Goat, mwaka wa 1961, na diwani ya Okigbo, Heavensgate, mwaka wa 1962. Mashairi ya Okigbo yalichanganya ibada ya Kikatoliki na sala kwa mto wa kijijini kwao, na hayakumpa msomaji maana ya mkato.

Fauka ya hayo, Mbari iliwapa hifadhi waliozibwa midomo kwao. Riwaya fupi ya Alex La Guma, A Walk in the Night, ilitoka Ibadan mwaka wa 1962, na mashairi ya Dennis Brutus yakafuata mwaka wa 1963. Wote wawili walikuwa wakiandamwa na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Brutus alipigwa risasi mwaka huo wa 1963 alipojaribu kuwatoroka polisi, kisha akafungwa katika kisiwa cha Robben.

Osogbo: mwalimu aliyeleta ngoma kanisani

Ikiwa Ibadan ilikuwa ya wasomi na ya Kiingereza, tawi lililochipuka Osogbo lilikuwa la watu wa mtaani na la Kiyoruba. Mwanzilishi wake alikuwa Duro Ladipo, mwalimu wa shule na mtunzi wa muziki wa kanisa.

Ladipo alikuwa ametia ngoma za Kiyoruba katika utenzi wa Pasaka aliouandaa kanisani. Wakuu wa kanisa walikasirika, kwani kwao ngoma hizo zilikuwa za kipagani. Ilimbidi atafute jukwaa kwingineko, na Mbari ya Ibadan ikampokea.

Aliporudi nyumbani alikata shauri kuwa na Mbari yake. Mnamo Machi 1962, baa aliyokuwa akiiendesha Osogbo iligeuzwa kuwa ukumbi wa maigizo na maonyesho. Wenyeji, ambao neno la Kiigbo halikuwaingia, waliligeuza likawa la kwao: Mbari Mbayo, yaani "tukiona tutafurahi".

Majaribio ya Ladipo yalikwenda kinyume na matarajio ya wengi. Vikundi vingi vya maigizo vya wakati huo vilikuwa vimekumbatia saksafoni na mitindo ya densi ya mijini. Yeye aliziweka kando ala hizo, akarejesha ngoma, sifo za wafalme na matambiko.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, yafaa kukumbuka kwamba Kiyoruba ni lugha ya toni. Neno likitamkwa kwa sauti ya juu, ya kati au ya chini, maana hubadilika. Dundun, ngoma ya kikwapani yenye kamba zinazobanwa na kulegezwa, huiga mpando na mshuko huo wa sauti. Kwa hivyo, mpigaji hasindikizi mwigizaji tu bali husema naye, humsifu na humwonya, na hadhira husikia maneno.

Tamthilia yake mashuhuri, Oba Koso, inamhusu Sango, mfalme wa Oyo anayesimuliwa kuwa alijinyonga na kisha kuabudiwa kama mungu wa radi. Mwaka wa 1964 iliigizwa Berlin, na mwaka uliofuata ikapelekwa Uingereza. Watazamaji wa huko hawakujua hata neno moja la Kiyoruba.

Vilevile, mwaka wa 1964 Ladipo aliandika Oba Waja, iliyotokana na kisa cha kweli cha Oyo cha mwaka wa 1946, pale afisa wa kikoloni alipozuia kifo cha kimila cha mtumishi wa mfalme aliyefariki. Soyinka alikitumia kisa hicho hicho katika tamthilia yake ya Kiingereza, Death and the King's Horseman, ya mwaka wa 1975. Ya Soyinka inasomwa ulimwenguni kote. Ya Ladipo aghalabu hutajwa na wataalamu tu.

Waigizaji waliogeuka wachoraji

Osogbo ilikuwa na jambo jingine lisilo la kawaida. Kati ya 1962 na 1964 ziliandaliwa warsha fupi za uchoraji. Za mwanzo ziliongozwa na Denis Williams, msanii wa Guyana, na ile ya 1964 ikaongozwa na Georgina Beier, Mwingereza. Hakuna aliyeulizwa cheti. Mlango ulikuwa wazi.

Waliojitokeza walikuwa hasa watu wa kikundi cha Ladipo. Jacob Afolabi na Rufus Ogundele walikuwa waigizaji, naye Muraina Oyelami alikuwa mwigizaji na mpiga ngoma. Jimoh Buraimoh alishughulikia taa za jukwaani, na baadaye akajulikana kwa picha alizozipamba kwa shanga, kama mataji ya wafalme wa Kiyoruba.

Aliyevuma kuliko wote ni Twins Seven Seven, ambaye jina lake halisi ni Taiwo Olaniyi. Alifika Osogbo akiwa mchezaji densi wa muuza dawa wa kusafiri. Picha zake zilijaa mizimu, nyoka na misitu iliyosongamana, na alikuwa mwanamuziki pia. Mwaka wa 2005, UNESCO ilimteua kuwa Msanii wa Amani. Alifariki mwaka wa 2011.

Jirani na hapo, Susanne Wenger kutoka Austria, pamoja na waashi, maseremala na wachongaji wa Osogbo, walijenga sanamu kubwa na madhabahu katika msitu mtakatifu wa mto Osun. Msitu huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2005.

Si wote waliofurahia. Wakosoaji walidai kwamba warsha za siku chache haziwezi kumlea msanii, na kwamba wageni ndio waliokuwa wakiamua kilicho kizuri na ndio waliokuwa wakinunua. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, haielezi ni kwa nini wachoraji hao waliendelea kuchora, kuuza na kuwafunza wengine miongo kadhaa baada ya wageni kuondoka.

Fedha za nani?

Mbari ya Ibadan iliendeshwa kwa ufadhili wa Kongamano la Uhuru wa Kitamaduni, shirika lililokuwa na makao yake Paris. Shirika hilo pia lilisaidia jarida la Transition la Kampala, na pamoja na Mbari likaandaa mkutano wa waandishi katika Chuo Kikuu cha Makerere, Juni 1962.

Mkutano huo ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi Makerere, alialikwa kwa sababu ya hadithi fupi chache. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili, hakualikwa. Alifariki mwezi huo huo. Ngugi alilitaja jambo hilo baadaye alipokuwa akieleza sababu za kuacha kuandika riwaya zake kwa Kiingereza.

Kati ya 1966 na 1967 ikafichuliwa kwamba fedha za Kongamano zilitoka kwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Waandishi wengi hawakuwa na habari. Hakuna dalili kwamba waliandikiwa la kusema. Mashairi ya Okigbo yangemshinda jasusi yeyote kuyafasiri. Lakini doa lilikuwa limeingia, na chemchemi ya fedha ikakauka.

Vita vilimaliza kilichobaki. Beier aliondoka Nigeria mwishoni mwa 1966. Mwaka wa 1967 Okigbo aliuawa akipigana upande wa Biafra, huku Soyinka akitiwa kizuizini na serikali ya Nigeria. Achebe alikuwa Biafra, naye Clark akabaki upande wa pili. Watu waliokuwa wakila meza moja walitenganishwa na mstari wa risasi.

Mwangwi Nairobi

Mwaka wa 1963, Mphahlele alikuja Nairobi kuanzisha kituo cha utamaduni kwa mfano wa Mbari. Alikipa jina la Kiswahili: Chemchemi. Kilikuwa na maonyesho, maigizo na mafunzo ya uandishi, nacho kilitegemea mfadhili yule yule wa Paris. Mphahlele aliondoka mwaka wa 1965, na Chemchemi haikudumu.

Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania aliyesimamia sanaa za uchoraji hapo Chemchemi, alishirikiana na wenzake mwaka huo huo kuanzisha Paa ya Paa. Jina hilo linacheza na lugha: paa ni mnyama, na pia ni tendo la kupanda angani. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwemo mwaka wa 1997, lakini Njau na mkewe Philda waliendelea kuwapokea wasanii.

Miaka kumi na zaidi baada ya Osogbo, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijenga jukwaa lao wenyewe na mwaka wa 1977 wakaigiza kwa Kikikuyu tamthilia waliyoisaidia kuitunga. Hapakuwa na mfadhili wa kuwakatia fedha. Serikali ndiyo iliyofuta kibali chao, na mwaka wa 1982 ikalibomoa jukwaa.

Ladipo alifariki mwaka wa 1978, na Wenger mwaka wa 2009. Nwoko, aliyekuja kuwa msanifu majengo, alituzwa Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka wa 2023 kwa kazi yake ya maisha.

Klabu ya Ibadan, iliyokuwa na majina makubwa na fedha za kigeni, ilisambaratika. Osogbo, iliyoanzia ndani ya baa na kusema lugha ya sokoni, iliacha familia za wachoraji, na kila Agosti umati hujaa msituni kwa sherehe za mto Osun. Madhabahu yanayoporomoka kwa mvua, mafundi wa Osogbo huyajenga upya.