Mashine ya Christensen na mkebe wa bano Chekalini

Oktoba 24 mwaka 2025 ilitimia miaka 120 tangu Martin Frederick Christensen, fundi mzaliwa wa Denmark aliyelowea mjini Akron, Ohio, apewe hataza nambari 802,495 ya mashine ya kutengeneza vitu vya mviringo. Siku hiyo ilipita hapa kwetu bila mtu kuitaja. Sishangai, ila naona tumemnyima haki yake. Kila aliyewahi kupiga magoti kwenye vumbi la Lugari, magharibi mwa Kenya, jicho moja amelifumba, akilenga bano ya mwenzake, yaani tufe dogo la kioo la kuchezea, ana deni kwa fundi huyo.

Kabla yake watoto walicheza na walichopata. Pwani yetu zilikuwepo komwe, zilezile za kuchezea bao. Kwingine zilikuwa mbegu, kokoto na vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani. Wajerumani wa Lauscha walianza kukata bano za kioo kwa mkasi maalumu katika miaka ya 1840, na kwa miongo mingi wakaiuzia nusu ya dunia. Bano hizo zilikuwa nzuri, lakini ghali, na kila moja ilibaki na kovu pale ilipokatwa kutoka kwenye ufito wa kioo.

Christensen hakuanza na kioo. Alianza na chuma, akibuni mashine ya kutengeneza gololi za bering, kisha akajiuliza kama kioo cha moto hakiwezi kuviringishwa vivyo hivyo. Kiliweza. Mfanyakazi alichota kioo kilichoyeyuka kwa ufito wa chuma, akakidondosha kati ya magurudumu mawili yenye mifuo, na tone likazunguka kila upande hadi likapoa likiwa duara kamili, bila kovu. Kampuni ya M.F. Christensen & Son ilifanya kazi hiyo kuanzia 1903, baba na mwanawe Charles.

Hapa ndipo hadithi inapopata mwizi. Mengi tunayoyajua tunayapata kwa Michael Cohill, Mmarekani aliyechimbua nyaraka za kampuni hiyo na kuandika kitabu juu yake. Cohill anamtetea Christensen waziwazi, na nakiri kwamba baada ya kumfuata hadi mwisho, nami nimeegemea upande huo.

Mwizi mwenyewe alikuwa Horace Hill, karani wa hesabu wa Christensen. Mkononi mwake zilipita oda, bei, majina ya wateja na barua. Wakati huohuo kulikuwa na mwenye duka la viatu mjini humo, Gilbert Marsh, aliyekuwa akinunua bano za Christensen na kuziuza upya katika pakiti zenye jina lake. Marsh, Hill na daktari mmoja aitwaye Rankin wakaunda kampuni ya Akro Agate. Nembo yao ilikuwa kunguru anayepasua herufi A akiruka, bano mdomoni na nyingine kwenye makucha. Ukiujua mwenendo wa Hill, unaona kwamba hakuna ndege aliyefaa zaidi.

Mwaka 1914 Akro Agate ilihamia Clarksburg, West Virginia, kulikokuwa na gesi ya bei nafuu na mchanga mzuri wa kioo. Hill alihama nayo akiwa na mashine inayofanana mno na ya bwana wake wa zamani, na akajipatia hataza kwa jina lake mwenyewe. Huko Akron, vitabu vya hesabu vya Christensen vilipokaguliwa, pesa zilikuwa zimepungua. Hill alikiri kwamba aliziiba. Christensen alifariki 1915, na Hill naye hakukaa muda mrefu baada yake. Mwaka 1917, katikati ya vita na uhaba wa gesi, tanuri la Christensen likazimwa. Kampuni ya kunguru ndiyo iliyotajirika. Bano za Ujerumani zilikuwa zimekatizwa na vita, na soko zima la Marekani likabaki wazi. Akro Agate ilidumu hadi 1951.

Wakusanyaji wa leo wanazitambua bano za kampuni hizi mbili kwa macho tu. Ya Christensen ina umbo la tarakimu 9 upande mmoja na mkia upande wa pili, alama ya mkono wa mfanyakazi alipokuwa akikunja kioo kabla ya kukikata. Ya Akro Agate huwa na mstari wa rangi unaozunguka kama uzi wa parafujo. Kampuni ya Peltier ya Illinois ilipiga chapa kwenye bano zake sura za wahusika wa katuni za magazetini, na hizo ndizo zinazopiganiwa minadani.

Nilikwenda Chekalini, huko Lugari, nikiwa na tamaa ya kuona mkia na tarakimu 9. Mwalimu mmoja mstaafu katika wadi hiyo amehifadhi mkebe wa Kimbo uliojaa bano alizoshinda akiwa shule ya msingi, miaka ya sabini. Lugari ilikuwa imetoka kwenye mashamba ya walowezi na kugawiwa familia zilizohamia kutoka pande mbalimbali za Magharibi, na kwa maelezo yake kila boma lilikuja na sheria zake: kwa wengine shimo moja, kwa wengine matatu, na ugomvi haukukosa.

Tulizimwaga mezani. Karibu zote ni jicho la paka: kioo cheupe chenye mabawa ya rangi katikati, manjano, bluu, nyekundu. Ukiinua moja dhidi ya dirisha, kioo kina ukijani hafifu kama wa chupa ya soda. Huo ukijani na yale mabawa manne ni dalili za Asia. Wajapani waliingiza aina hiyo kwa wingi sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950, na viwanda vya Marekani vikayumba. Ya Akro haikuwemo, wala ya Christensen. Zilikuwemo gololi mbili za chuma, zenye kutu kidogo, zilizotoka kwenye bering ya trekta. Mwalimu anasema zilipigwa marufuku uwanjani kwa sababu zilipasua bano za wachezaji wengine, na kweli bano kadhaa zimemeguka vipande vyenye umbo la mwezi mchanga.

Baada ya hapo habari ni fupi. Meksiko na China zilichukua kazi, simu ikachukua watoto. Akron ilianzisha makumbusho ya bano. Sisi tunaoziita bano, na wenzetu wa Tanzania wanaoziita gololi, tumeziacha zipotelee mitaroni, na hatuna hata sanduku moja la kioo la kuzionyesha. Mtaala mpya wa shule unataka watoto wajifunze kwa vitendo, na somo la nguvu, mwelekeo na hesabu liko palepale uwanjani, ila sijaona anayeligusa.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna mkebe wa aina hiyo, usiuuze kwa mpita njia anayetaka glasi za mapambo. Usizisugue bano hizo wala kuzing'arisha. Bano iliyosuguliwa hupoteza thamani kwa mkusanyaji. Zioshe kwa maji na sabuni, zitenge kwa rangi na aina, kisha uandike kwenye karatasi zilinunuliwa au kushindwa wapi, mwaka gani, na mchezo ulichezwa kwa sheria zipi. Karatasi hiyo iweke ndani ya mkebe.