Kaskazini ya darasani na kaskazi ya mabaharia

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Hola, aliniletea swali ambalo mwanzoni nililiona jepesi. Mwanawe alifunzwa pande nne za dunia shuleni, akarudi nyumbani na kumuuliza: "Baba, mashariki ni jua linakochomoza, magharibi ni linakozama. Sasa kaskazini ni nini?" Mzee akakwama. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa kaskazini ni upande wa juu wa ramani.

Hebu tumjibu huyo mtoto vizuri zaidi. Mashariki na magharibi tumeyapata kwa Waarabu, na ni kweli yanahusu jua. Lakini kaskazini na kusini ni maneno ya watu wa tanga. Ondoa kile kiambishi -ni cha mahali, utabaki na kaskazi na kusi, nazo ni pepo. Kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, takriban Disemba hadi Machi. Kusi huvuma kinyume chake, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kaskazini basi ni kule itokako kaskazi. Katikati ya pepo hizi mbili kuna kipindi kiitwacho tanga mbili, upepo unapoyumbayumba na chombo kinaweza kwenda huku au kule. Mabaharia walikuwa na majina mengine pia: kusini waliita suheli, jina la nyota, na kaskazini wakaita kibla, kwa kuwa Makka iko upande huo.

Aliyepuuza kalenda hii alilipa. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akafika Calicut kabla ya mwezi kwisha. Kurudi hakuwa na subira ya kungoja kaskazi ikomae. Akaondoka Bara Hindi mapema Oktoba. Bahari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu, mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, hadi alipoiona Malindi tena Januari 1499.

Kungoja basi kulihitaji hesabu. Mwaka wa mabaharia wa Kiswahili ulianza siku ya Nairuzi, ukagawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, pamoja na siku tano za ziada. Nahodha aliulizwa, "Leo mwongo wa ngapi?" akajua kama ni wakati wa kutweka au wa kukivuta chombo pwani na kukiezeka makuti. Leo ukisoma gazetini "miongo miwili iliyopita", maana yake ni miaka 20. Siku kumi zimevimba zikawa miaka kumi, na hakuna aliyeuliza. Neno msimu nalo lilikuwa la pepo hizi kabla halijahamia kwenye ligi ya kandanda.

Sasa turudi Hola, maana najua kuna atakayesema hayo ni ya Lamu na Mombasa, sisi wa mtoni yanatuhusu nini. Ukiitaja Hola, watu hukumbuka 3 Machi 1959, siku wafungwa 11 wa Mau Mau walipopigwa hadi kufa. Ni haki ikumbukwe. Ila mto unaopita hapo una historia nyingine, ambayo haitajwi sana. Tana hushuka kusini kupitia Garsen, na kwa karne nyingi mitumbwi ya Wapokomo iliteremka nao kwa upondo, ikibeba mazao ya mashamba ya kingoni. Shida ilikuwa mwisho wa safari. Zamani Tana iliingia Ghuba ya Ungwana kwa mlango wake yenyewe, mlango mbaya wenye fungu la mchanga na mawimbi. Jirani yake, mto Ozi, ulikuwa mfupi lakini wenye lango zuri pale Kipini, na majahazi yaliweza kupanda hadi mji wa Kau.

Ndipo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, usultani wa Witu ulipochimbisha mfereji wa Belezoni, kuunganisha Tana na Ozi. Ulikuwa mwembamba, kama mtaro tu. Lakini mtaro huo ulimwezesha mtu wa Tana kufikisha mzigo wake kwenye chombo cha baharini bila kuuona ule mlango mbaya. Ulikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1889 Witu, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ziligombana juu ya ushuru uliotozwa pale. Mwaka uliofuata, kwa mkataba wa 1 Julai 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu nzima. Mto wenyewe haukungoja mikataba. Maji ya Tana yaliukubali mtaro, yakaupanua mwaka baada ya mwaka, na leo mtu akisema Tana inaishia Kipini anasema kweli, ingawa haikuumbwa hivyo.

Kutoka Kipini, kaskazi ikishika, safari ilikuwa moja: kusini. Tanga mbele ya upepo, Malindi, Mombasa, hata Unguja. Mitepe ya visiwa vya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba bila msumari na kuvaa tanga la mkeka, ilibeba boriti za mikoko kwa njia hiyohiyo. Majahazi ya Waarabu yalipita nje yao. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na moja, chombo cha Kuwait cha nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, kutoka Aden mwishoni mwa 1938: wakapitia Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja hadi delta ya Rufiji, wakapakia boriti, kisha wakageuka na kusi mwaka 1939. Aliandika kitabu, Sons of Sinbad, akijua anaandika habari za mambo yanayokwisha.

Na hapa nina ugomvi kidogo na wafasiri wenzangu. Safari kama ya Villiers, kwa Mzungu, ni safari ya majira ya baridi. Mfasiri akikutana na hayo huandika "kipupwe" na kuendelea. Sasa basi, kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti, kusi ikivuma kwa nguvu na vyombo vidogo vimelala pwani. Disemba na Januari ni kaskazi: joto, jasho, anga kavu. Ukiandika kwamba nahodha alitweka tanga kwenda Unguja wakati wa kipupwe, umempeleka dhidi ya upepo. Andika "wakati wa kaskazi", na mzee yeyote wa Kipini atajua ni miezi gani na chombo kinaelekea wapi.